UZI: "Waruhusuni waje na simu zao." Sawa, lakini nani analipa?

Wadau, kampeni zikikaribia kuna hoja mbili utazisikia karibu kila mkutano unaogusa elimu. Mmoja anashika maikrofoni anasema ng'ambo watoto wanasoma kwa simu zao, sisi tumebaki na chaki. Mwingine anajibu kwamba simu ndiyo inaharibu watoto wetu. Wote wanapigiwa makofi, watu wanaenda nyumbani. Kuna kitu wote wawili wameruka: pesa.

Kwanza hali ilivyo. Kenya, mwanafunzi wa shule ya msingi au ya upili haruhusiwi kuwa na simu shuleni. Yeyote aliyesoma bweni anajua ukipatikana nayo inachukuliwa na mzazi anaitwa. Na hatuko peke yetu. Ufaransa ilipitisha sheria mwaka wa 2018 kuzuia simu shuleni kwa watoto wadogo na wa umri wa kati. Ripoti ya UNESCO ya 2023 ilisema karibu nchi 1 kati ya 4 ilikuwa tayari imezipiga marufuku kwa sheria au sera. Kwa hivyo ukiambiwa "ng'ambo wote wanasoma kwa simu", uliza ng'ambo gani.

Sasa turudi nyuma kidogo. Mwaka wa 2013 Wakenya waliahidiwa laptopu kwa kila mtoto wa darasa la kwanza. Zabuni ilifutwa 2014, mpango ukabadilishwa, na kuanzia 2016 tableti zikaanza kufika. Hatimaye zaidi ya vifaa milioni 1 vilipelekwa kwa shule za msingi za umma zaidi ya 20,000. Unaweza kuulaumu mpango huo utakavyo (nami nina yangu ya kusema siku nyingine), lakini angalia ulivyopangwa: kifaa ni cha shule, kimelipiwa na kodi yetu, mtoto wa tajiri na wa maskini wanagusa kioo kimoja.

"Kila mwanafunzi aje na simu yake" ni mpango tofauti kabisa. Hapo mzigo umetoka Hazina ya Taifa ukaingia kwa mfuko wa mzazi, na hakuna aliyetamka neno kodi. Katiba, Kifungu cha 53, inasema kila mtoto ana haki ya elimu ya msingi ya bure na ya lazima. Kama somo la Jumatatu haliwezi kufanyika bila simu na bando, hiyo ni karo kwa jina lingine.

Halafu kuna neno "yake". Simu ya nani? Sensa ya 2019 ilionyesha kwamba kati ya watu wa miaka 3 na zaidi, asilimia 47.3 walikuwa na simu, na hapo kabambe imehesabiwa pia. Waliotumia intaneti walikuwa asilimia 22.6. Simu zimeongezeka tangu hapo, lakini kwa nyumba nyingi simu janja ni moja na ni ya mzazi. Mama anayeuza mboga Gakoromone anatoka nayo alfajiri kwa sababu wateja wanamlipa kwa M-Pesa. Ukitaka mtoto aende nayo darasani, unamwambia mama afunge biashara.

Hii tuliiona 2020 shule zilipofungwa mwezi wa tatu. Mimi nilikuwa upili. Kazi zilikuja kwa WhatsApp mchana, simu ikarudi nyumbani saa moja usiku ikiwa na chaji ya kubahatisha, na tulikuwa watatu tunaoingojea. Aliyekuwa na mtihani wa kitaifa ndiye aliyepewa kwanza. Wengine tulinakili ile iliyobaki kabla haijazima.

Kuna njia nyingine ambayo haipigiwi kelele. Eneza Education, wakishirikiana na Safaricom, wana huduma ya Shupavu 291 inayotoa masomo na maswali kwa ujumbe mfupi, hata kwa kabambe. Haina picha wala video, lakini mtoto anaweza kuifanya kwa dakika kumi simu ikiwa nyumbani, na mama akaondoka nayo asubuhi.

Sisi wa chuo tayari tunaishi chini ya sera hii, na sikumbuki ikijadiliwa popote. Notisi ni PDF, kundi la darasa ni WhatsApp, mtihani mdogo unafunguliwa kwa kiungo saa mbili usiku na kufungwa saa tatu. Asiye na simu haonekani kama aliyenyimwa. Anaonekana tu kama aliyekosa mtihani. Hilo ndilo linanitia wasiwasi zaidi tukilishusha hadi shule za upili.

Jambo la mwisho, na hapa ndipo mnadanganywa sana. Chini ya Jedwali la Nne la Katiba, kaunti zimepewa elimu ya chekechea, vyuo vya ufundi vya vijijini na vituo vya kulea watoto. Shule za msingi na za upili ziko chini ya serikali ya kitaifa. Kwa hivyo mgombea ugavana au udiwani, awe wa Meru au wa Embu, akikuahidi kwamba atabadilisha sheria ya simu katika shule za upili, anauza shamba ambalo si lake. Mbunge naye anaweza kusukuma sheria, na NG-CDF imekuwa ikigharamia majengo na basari. Muulize yeye: vifaa vitakuwa vya shule au vya wazazi? Bando ni la nani? Simu ya mtoto ikiibiwa bwenini, nani anainunua tena? Akikujibu kwa hadithi ya Ulaya, rudia swali la kwanza.