Baiskeli juu ya mashimo ya makaa

Hebu vuta picha: una baiskeli na wiki moja ya likizo. Unaanzia Winterberg, Ujerumani, kwenye chemchemi ya mto Ruhr, unafuata maji karibu kilomita 240 hadi Duisburg, mto unapoingia Rhine. Njia inaitwa RuhrtalRadweg. Sehemu kubwa ni mteremko, kwa hivyo hata wewe wa bodaboda kila siku utaiweza.

Ukifika Witten utaona mgodi wa Nachtigall. Zamani walichimba makaa ya mawe hapo, leo ni makumbusho. Mgodi wa mwisho wa eneo la Ruhr, Prosper-Haniel, ulifungwa 2018.

Lakini kijani kisikudanganye. Uchimbaji uliacha ardhi ya Ruhr ikititia, na leo pampu zikizimwa, mitaa mingine itageuka maziwa. Zitapiga kazi milele.

Sasa rudi nyumbani. Makaa yapo pia Mui, Kitui. Ukiahidiwa kazi za mgodi, sawa, tunazitaka. Mimi niliyeacha chuo nazitaka zaidi. Ila uliza mapema: mgodi ukifungwa, bili ya pampu ni ya nani?