Kiprugut arap Chumo na shule ya mita 800

Mexico City, Oktoba 15, 1968, fainali ya mita 800 ya Olimpiki. Wilson Kiprugut arap Chumo alitoka mbele tangu mapema, akawaburuta wenzake mzunguko mzima wa kwanza, na kengele ilipolia bado alikuwa anaongoza. Hakungoja mtu. Ralph Doubell wa Australia ndiye aliyemfikia kwenye mnyoosho wa mwisho na kumpita. Doubell alimaliza kwa 1:44.40 na Kiprugut kwa 1:44.57. Chini ya sehemu mbili za kumi za sekunde ndizo zilizotenganisha dhahabu na fedha.

Kiprugut, aliyekuwa mwanajeshi, hakuwa mgeni wa michezo mikubwa. Miaka minne kabla, Kenya ikiwa na miezi kumi tu ya uhuru, alikuwa ameiletea medali yake ya kwanza kabisa ya Olimpiki: shaba ya mita 800 mjini Tokyo. Mbio zile zilikuwa za purukushani. Mguu wake uligonga kisigino cha George Kerr wa Jamaika, akayumba, akajirudisha, kisha wawili hao wakamaliza bega kwa bega na kuandikiwa muda mmoja wa 1:45.9. Kiprugut alipewa nafasi ya tatu, nyuma ya Peter Snell wa New Zealand na Bill Crothers wa Kanada.

Nyumbani kwake kulikuwa Kericho, kwenye vilima ambavyo kampuni za Uingereza zilianza kuvifunika kwa chai miaka ya 1920. Mji huo uko takriban mita 2,000 juu ya usawa wa bahari. Ukiteremka kusini hadi Bomet, bado uko kwenye hewa ya milimani. Mwili uliokulia huko hutengeneza chembe nyekundu za damu kwa wingi, na hizo ndizo zinazobeba oksijeni hadi kwenye misuli. Mexico City iko mita 2,240, na hewa yake nyepesi iliwachosha wengi waliotoka pwani na mabondeni. Kenya iliondoka huko na medali tisa.

Lakini milima peke yake haitoshi kueleza mita 800. Katika mbio hizi, mwenye pumzi asiye na kasi huachwa mita 100 za mwisho, na mwenye kasi asiye na pumzi hukata moto hapo hapo. Kiprugut alikuwa na vyote viwili. Kwenye Michezo ya kwanza ya Afrika Nzima, Brazzaville 1965, alitwaa dhahabu ya mita 800 na ya mita 400 pia.

Mchanganyiko huo wa kasi na pumzi ulikuja kuzaa matunda miaka 20 baada ya Mexico. Paul Ereng, kijana wa Turkana aliyesomea shule ya Starehe kisha Chuo Kikuu cha Virginia, Marekani, alikuwa mkimbiaji wa mita 400 hadi alipohamia mita 800 mwaka 1988. Mwaka huo huo, mjini Seoul, alikaa nyuma ya kundi, akangoja, kisha akafyatuka mwishoni na kumpita bingwa mtetezi Joaquim Cruz wa Brazil. Saa ilisoma 1:43.45. Ilikuwa dhahabu ya kwanza ya Kenya katika mita 800, na ilipatikana kwa mbinu iliyo kinyume kabisa na ya Kiprugut.

Ereng alipotundika viatu hakuondoka uwanjani. Aligeukia ukocha, na katika Chuo Kikuu cha Texas mjini El Paso akampokea Emmanuel Korir, kijana mwenye kasi ya ajabu ya mita 400, umbali aliowahi kuumaliza kwa 44.21. Mwalimu aliijua njia ya kutoka mzunguko mmoja kwenda miwili kwa sababu aliipita mwenyewe. Mwaka 2017 Korir alikuwa bingwa wa vyuo vya Marekani, na Agosti 2021 akawa bingwa wa Olimpiki kwa 1:45.06. Mkenya mwenzake, Ferguson Rotich, alishika nafasi ya pili.

Nao waliopenda kuongoza kutoka mwanzo walipata bingwa wao. Katika timu ya Mexico alikuwamo Daniel Rudisha, aliyepata fedha ya kupokezana vijiti ya 4x400. Mwanawe, David, aliongoza tangu mwanzo wa fainali ya London 2012 na kuweka rekodi ya dunia ya 1:40.91. Huyu alinolewa Iten na Bruda Colm O'Connell, mtawa wa Ireland aliyekuja Kenya kufundisha jiografia.

Mzee Kiprugut alifariki dunia Novemba 1, 2022. Kufikia siku hiyo, wanaume wa Kenya walikuwa wametwaa dhahabu sita za Olimpiki katika mita 800: Ereng, William Tanui, Wilfred Bungei, Rudisha mara mbili, na Korir. Ya saba iliongezwa Paris mwaka 2024 na Emmanuel Wanyonyi, aliyekata utepe kwa 1:41.19 akiwa na umri wa miaka 20.