Ushuru Sifuri Hauwashi Taa

Kila bajeti inaposomwa bungeni, iwe Dodoma au Nairobi, swali lile lile huibuka magazetini na redioni: ikiwa vifaa vya umeme wa jua na wa upepo vimesamehewa ushuru wa forodha, kwa nini nishati safi bado ni ghali, na kwa nini mitambo mingi hufa kabla ya wakati wake? Pendekezo linalofuata nalo halibadiliki, kwamba msamaha upanuliwe, uguse betri, nyaya, nguzo na hata boliti, kana kwamba ugonjwa wote umejificha bandarini. Swali hilo limerudiwa vya kutosha, na lazima isemwe bayana kuwa limekosewa tangu mwanzo, kwa sababu linadhani kwamba biashara ya kimataifa inayosaidia kupunguza gesijoto, yaani hewa zinazonasa joto na kuipasha dunia, ni biashara ya vitu vinavyopakiwa kwenye makontena.

Kontena linapofunguliwa, gesijoto haijapungua hata chembe. Kabla yake, mtu alipaswa kupima upepo au jua la mahali hapo kwa miezi mingi, mwingine kuchunguza ardhi, mwingine kuchora mfumo na kukadiria athari zake kwa mazingira, mwingine kuandika mikataba na mwingine kutoa mkopo. Baada yake, lazima wapatikane wa kufunga, wa kujaribu, wa kutunza kwa miaka ishirini na zaidi, na wa kuthibitisha kwamba hewa chafu iliyodaiwa kuepukwa imeepukwa kweli. Kazi zote hizo ni huduma, na zinaponunuliwa kutoka nchi nyingine huwa ni biashara ya kimataifa, yenye sheria zake katika Mkataba Mkuu wa Biashara ya Huduma wa Shirika la Biashara Duniani, maarufu kwa kifupi cha GATS, ulioanza kutumika Januari 1995. Huduma haipiti kwa afisa forodha, kwa hiyo msamaha wa forodha hauifikii.

Kwanza, dawa hiyo ya ushuru sifuri si mpya hata kidogo. Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2004, katika jedwali lake la tano, ilivipa msamaha vifaa maalumu vya nishati ya jua na upepo, na ingawa maneno ya jedwali hilo yamekuwa yakirekebishwa mara kwa mara, msamaha wenyewe una umri wa kutosha kupimwa kwa matokeo yake. Pili, tangu mwaka 2010 bei ya paneli katika soko la dunia imeshuka kwa zaidi ya 80%, jambo ambalo hakuna waziri wa fedha angeweza kulifanya kwa kalamu yake, na bado swali la ughali linaulizwa. Hesabu yenyewe ni nyepesi: ikichukuliwa kwa mfano kwamba paneli ni robo ya gharama ya mradi na kwamba zilikuwa zikitozwa ushuru wa 10%, kuufuta ushuru huo kunaokoa kiasi kisichofika shilingi tatu katika kila shilingi mia za mradi mzima. Anayesubiri shilingi tatu hizo zibadilishe maisha ya kijiji anasubiri bure, na anayemwahidi mwananchi kwamba zitayabadilisha anampotosha.

Mfano ulio wazi kuliko yote uko kaskazini mwa Kenya, karibu na Ziwa Turkana, ambako mitambo ya upepo 365, yenye uwezo wa megawati 310 kwa jumla, ilikuwa imesimikwa yote kufikia mwaka 2017. Mitambo ilifika, barabara ya kuipitisha ilitengenezwa, mapanga yakafungwa, na upepo wa hapo Loiyangalani, ambao ni miongoni mwa pepo zinazovuma kwa uthabiti mkubwa duniani, ukaendelea kuvuma bila kuzalisha uniti hata moja ya kuuzwa, kwa sababu njia ya kusafirisha umeme ya zaidi ya kilomita 400 hadi Suswa haikuwa imekamilika. Mkandarasi wa njia hiyo, kampuni ya Hispania, alikuwa amefilisika; kazi ikamaliziwa na wakandarasi kutoka China, na umeme ukaingia kwenye gridi ya taifa Septemba 2018. Katika hayo yote ushuru wa forodha haukuwa kikwazo mahali popote. Kilichokosekana kilikuwa huduma ya ujenzi, pamoja na huduma ya kuchambua mapema kama mkandarasi ana nguvu ya kifedha ya kufikisha kazi mwisho, na gharama ya kukosekana kwake ilikuwa zaidi ya mwaka mzima wa upepo uliopotea.

Kwa udogo, jambo hilo hilo hutokea katika zahanati za vijijini, ambako paneli huletwa na mradi, hupigwa picha siku ya uzinduzi na kuachiwa wenyeji. Betri za asidi na risasi zinazotumika kwenye mifumo mingi ya namna hiyo hufupishiwa maisha zinapokamuliwa kila usiku kupita nusu ya chaji yake. Kwa hiyo mfumo uliopigiwa hesabu ya taa nne na jokofu la chanjo, ukiongezewa televisheni na msururu wa simu za majirani, huanza kuchoka katika mwaka wa pili. Kisha maji ya betri hupungua, na kwa kuwa hakuna aliyefundishwa wala duka la karibu, mtu mwenye nia njema kabisa huongeza maji ya kisima, ambayo chumvi zake huharibu sahani za risasi zilizo ndani. Mwaka wa tatu jokofu limezimika, chanjo zimerudi kwenye kasha la barafu, na jenereta ya dizeli imerejea kazini. Paneli zilizo juu ya paa ni nzima kabisa. Kilichokufa ni kitu ambacho hakikununuliwa hata siku moja, yaani mkataba wa matunzo na fundi wa kuutekeleza, na inaumiza kuona kifo hicho kikihesabiwa kuwa ni ubovu wa teknolojia ya jua.

Wanaohubiri sifuri bandarini hawana budi pia kutazama kinachoikuta huduma ikivuka mpaka ule ule. Nchini Tanzania, malipo ya huduma kwa mtu asiye mkaazi hukatwa kodi ya zuio ya 15%, yaani kodi inayokatwa na mlipaji kabla fedha hazijamfikia anayelipwa, na nchini Kenya ada za kitaalamu kwa asiye mkaazi hukatwa 20%. Kwa kawaida mtaalamu wa nje hudai kiasi kamili mkononi, hivyo anayetaka dola 100,000 lazima aandikiwe takribani dola 117,650 upande wa Tanzania na dola 125,000 upande wa Kenya, na tofauti hiyo hubebwa na mradi, ambao hatimaye huibebesha bei ya umeme. Dola inayopatikana ndani ya nchi ni halali kutozwa kodi, na hakuna hoja ya kuifuta kodi hiyo ovyo. Lakini ni kukosa uaminifu kutangaza kwamba nishati safi haitozwi kitu huku sehemu yake iliyo kubwa zaidi ikitozwa. Huongezwa hapo miezi ya kusubiri kibali cha kazi cha mhandisi anayehitajika kwa wiki mbili tu, usajili wa kitaalamu unaodaiwa upya katika kila nchi, na riba, kwa maana mkopo wenyewe ni huduma ya fedha, tena kwa mradi ambao gharama zake karibu zote hulipwa mwanzoni, hiyo ndiyo huduma ghali kuliko zote.

Imani kwamba ushuru sifuri unatosha imedumu kwa sababu hata mezani pa wakubwa mambo yalienda hivyo hivyo. Azimio la Doha la mwaka 2001 lilitaja bidhaa na huduma za mazingira kwa pumzi moja, lakini mwaka 2012 nchi za Asia na Pasifiki ziliorodhesha bidhaa 54 za kupunguziwa ushuru, na mazungumzo ya Geneva yaliyoanza mwaka 2014 na kukwama Desemba 2016 yalihusu bidhaa peke yake. Orodha ya sekta za huduma inayotumiwa na GATS iliandaliwa mwaka 1991, na humo huduma za mazingira ni hasa maji taka, uzoaji wa taka na usafi, wakati nishati haikupewa sekta yake hata kidogo; ukaguzi wa matumizi ya nishati, uhandisi na upimaji wa kitaalamu vimetawanywa chini ya huduma za kibiashara, na ujenzi uko peke yake. Tanzania, katika ahadi zake za awali za GATS, ilifungua hoteli za nyota nne kwenda juu peke yake. Soko la Pamoja la Afrika Mashariki, lililoanza Julai 2010, lilianza na sekta saba za huduma, na Eneo Huru la Biashara la Afrika likachagua tano za kipaumbele. Nishati na mazingira hazimo katika orodha yoyote kati ya hizo mbili.

Hata hivyo, manufaa ya biashara hii ya huduma yamekwisha kuonekana Olkaria, karibu na Naivasha, ambako mtambo wa kwanza wa jotoardhi, yaani umeme unaotokana na mvuke wa chini ya ardhi, uliwashwa mwaka 1981. Njia zote nne ambazo GATS hutambua za kuuza huduma nje zimepita hapo. Wahandisi wa Kenya wamekuwa wakienda kusoma Iceland, katika mafunzo yaliyoanza mwaka 1979, na hiyo ni huduma inayofuatwa na mnunuzi kwa muuzaji. Kampuni ya Kimarekani ya Ormat imeweka kituo na kuzalisha umeme hapo hapo tangu mwaka 2000, na hiyo ni huduma kwa njia ya kuwekeza. Takwimu za visima huweza kutumwa na kuchambuliwa katika ofisi za ng'ambo pasipo mtu kupanda ndege. Na ya nne, wataalamu wenyewe husafiri kwenda kufanya kazi.

Ujuzi unaouzwa hapo si wa kukisia. Kisima kikishachorongwa kilomita mbili au tatu kwenda chini, huachwa kipate joto, kisha hufunguliwa. Mvuke hutoka kwa ngurumo kupitia kizuia sauti kikubwa cha chuma, na maji yanayobaki hupita juu ya kizingiti chenye pengo la umbo la herufi V, ambapo fundi husoma kimo chake kwa sentimita huku akilinganisha na shinikizo linaloonyeshwa mdomoni mwa bomba. Kwa namba hizo mbili hukokotolewa kama kisima kilichogharimu dola milioni kadhaa kitatoa megawati kumi au kitafungwa. Uzoefu wa kuzisoma ulinunuliwa ukahifadhiwa, na sasa unauzwa: kampuni ya umma ya Kenya, KenGen, ilipata kandarasi za kuchoronga visima Ethiopia mwaka 2019 na Djibouti mwaka 2021. Wanaohofia kwamba kufungulia huduma za kigeni huua wataalamu wa nyumbani wanapaswa kulitazama hilo kabla ya kusema neno, kwa kuwa waliofundishwa na wageni ndio waliogeuka kuwa wauzaji.

Yanayoweza kufanywa hayahitaji kurasa nyingi. Zabuni ya umma ya nishati safi iandike bei ya matunzo ya miaka kumi pamoja na bei ya vifaa, na mzabuni asiyeitaja aondolewe. Fundi asajiliwe kabla ya kupanda paa, kama Kenya ilivyoelekeza kwa umeme wa jua katika kanuni za mwaka 2012. Makubaliano ya kutambuana kwa wahandisi, yaliyotiwa saini mwaka 2012 na Kenya, Tanzania na Uganda, yatumike kwa vitendo ili mchorongaji wa Naivasha akihitajika katika maeneo ya jotoardhi ya Ngozi au Kiejo-Mbaka, mkoani Mbeya, asianze usajili upya. Kibali cha muda mfupi kwa mtaalamu anayekuja kurekebisha mtambo uliosimama kitolewe kwa siku, na mkataba wake utaje wazawa watakaofundishwa na kazi watakazoachiwa. Jumuiya ya Afrika Mashariki iongeze sekta ya nane, ya nishati na mazingira, na watayarishaji wake waanze na orodha ya huduma iliyomo katika mkataba wa tabianchi na biashara uliotiwa saini mwaka 2024 na New Zealand, Iceland, Uswisi na Costa Rica, waikague mstari kwa mstari, na wakatae kila kisichowafaa.