Joto la Kiangazi na Pumzi za Samaki

Katika miezi ya Septemba na Oktoba, kabla ya mvua kuanza, joto la mchana mkoani Shinyanga aghalabu hupita nyuzi 30 za Sentigredi. Malambo ya sehemu kama Maganzo, wilayani Kishapu, hupungua kina na maji yake hupata moto upesi. Wakati huo mfugaji aweza kuwaona sato wakielea juu ya maji alfajiri, wakifungua na kufumba vinywa. Mwenendo huo si mchezo, wala si dalili ya njaa; samaki hao wanakosa pumzi. Anayewatupia chakula kwa kuwahurumia huenda akaharakisha kifo chao.

Hewa ndani ya maji

Samaki walio wengi hupata oksijeni iliyoyeyuka majini kwa njia ya matamvua. Kadiri maji yanavyopata joto, ndivyo uwezo wake wa kushika oksijeni unavyopungua. Katika usawa wa bahari, lita moja ya maji baridi yenye nyuzi 20 za joto huweza kushika miligramu 9.1 hivi za oksijeni. Yakifika nyuzi 30, hushika 7.6 hivi. Maganzo iko zaidi ya mita 1,000 juu ya usawa wa bahari, ambako mgandamizo wa hewa ni mdogo zaidi. Kwa hiyo kiasi hicho hupungua tena.

Kwa upande mwingine, joto la mwili wa samaki hufuata joto la maji. Maji yakiongezeka nyuzi 10, mahitaji yake ya oksijeni huweza kukaribia kuwa maradufu. Hivyo mahitaji hupanda wakati ule ule akiba inaposhuka. Usiku mambo huzidi, kwa kuwa mimea midogo inayotoa oksijeni mchana huitumia gizani. Ndiyo maana hatari hufikia kilele alfajiri.

Si samaki wote wanaodhurika sawa. Kambale ana kiungo juu ya matamvua kinachomwezesha kuvuta hewa ya kawaida. Kamongo ana mapafu, naye huweza kujizika topeni hadi mvua zirudi. Sato hana msaada wa namna hiyo.

Mfano wa bunju

Kanuni hiyo huonekana wazi zaidi katika tangi la kioo, ambalo maji yake ni machache. Mfano mzuri ni bunju wa maji baridi, samaki ajivimbishaye kwa kumeza maji. Ziwa Tanganyika na bonde la Mto Kongo ndiyo makao ya Tetraodon mbu, aliyeelezwa kisayansi na Boulenger mwaka 1899. Naye Tetraodon lineatus hupatikana katika Mto Nile na Ziwa Turkana. Ziwa kubwa hubadilika joto polepole, bali tangi lililo karibu na dirisha huweza kupata moto katika saa chache.

Joto likipanda kidogo, bunju huchangamka na kula kwa pupa. Likizidi, hupumua kwa haraka, hukataa chakula, hulala chini au hukaa karibu na mahali maji yanapotibuka. Mlaji huyu wa konokono na nyama huacha uchafu mwingi, na uchafu huo hutoa amonia. Katika maji yenye alkali kidogo, sehemu ya amonia iliyo sumu hukaribia kuwa maradufu joto likitoka nyuzi 20 hadi 30. Basi samaki hushambuliwa na adui wawili kwa pamoja.

Hatua za kuchukua

Mwenye tangi aliondoe juani, apunguze chakula, aondoe mabaki, atibue maji kwa mashine ya hewa, na abadilishe sehemu ya maji kwa mengine yasiyo na klorini. Barafu isitumbukizwe, kwa maana baridi ya ghafla nayo hudhuru. Bunju asichokozwe ili ajivimbishe.

Mwenye lambo aache kulisha na kutia samadi samaki wanapokuja juu, aongeze au kutibua maji ikiwezekana, na avue mapema kabla kina hakijapungua mno. Zaidi ya yote, alitazame lambo lake alfajiri, kwani mchana dalili hizo huweza kufichika.