Stiliyan Petrov: Kiungo Aliyeanza Upya Mara Tatu

Mtajie shabiki wa mpira nchi ya Bulgaria, atakujibu Hristo Stoichkov. Akiwa wa rika la karibuni, atasema Dimitar Berbatov. Wote wawili wafungaji. Stiliyan Petrov hatajwi haraka, ingawa aliichezea timu ya taifa zaidi ya mara 100. Ndiyo kazi ya kiungo hiyo: anakaba, anapokonya, anasogeza mpira mbele, halafu mwingine anafunga na kubebwa juu. Lakini kwa mwanafunzi anayejiuliza itakuwaje mipango ikigoma, Petrov ana la kumfundisha kuliko hao wafungaji.

Alizaliwa mwaka 1979 katika mji wa Montana, akang'aa akiwa CSKA Sofia. Mwaka 1999, akiwa na miaka 20, Celtic ya Glasgow, Uskoti, ikamnunua. Hapo ndipo shughuli ilipoanza. Kiingereza hakijui, nyumbani anapakumbuka, na uwanjani kuna siku anapangwa beki wa kulia, namba ambayo si yake. Na kiungo asiyeweza kuongea na wenzake ni nusu mchezaji, kwa sababu anatakiwa kuwapanga watu: wewe panda, wewe rudi, angalia nyuma yako!

Petrov akafanya jambo ambalo wengi wetu tungeliona aibu. Akaenda kusaidia kazi kwenye gari la kuuza baga la rafiki yake, ili alazimike kuwasikiliza wateja na kuwajibu. Mchezaji wa kulipwa wa Celtic, anauza baga! Lugha ikaja, na mpira ukafuata. Msimu wa 2000/01 wachezaji wa Uskoti walimchagua kuwa mchezaji bora chipukizi.

Msimu huohuo akavunjika mguu. Akaanza upya kwa mara ya pili, akarudi kikosini, na hadi anaondoka alikuwa na mataji manne ya ligi. Alicheza pia fainali ya Kombe la UEFA ya mwaka 2003 mjini Seville, Celtic ilipofungwa 3-2 na Porto ya José Mourinho.

Mwaka 2006 kocha wake wa zamani, Martin O'Neill, alimpeleka Aston Villa ya Uingereza. Haikuwa rahisi mwanzoni, lakini Aprili 2008 aliifunga Derby County kwa shuti la karibu na katikati ya uwanja, na baadaye akawa nahodha.

Machi 2012, baada ya mechi na Arsenal, alishikwa na homa. Vipimo vikaonyesha saratani ya damu, ile inayokwenda kasi. Katika ugonjwa huu uboho wa mifupa hutengeneza chembe nyeupe changa kwa wingi kupita kiasi, nazo huzibana chembe nyekundu zinazobeba oksijeni. Kwa hiyo kiungo, ambaye mtaji wake ni pumzi, anashambuliwa palepale pumzi inapoanzia. Alikuwa na miaka 32.

Jezi yake ilikuwa namba 19. Basi mechi baada ya mechi, ikifika dakika ya 19, mashabiki wa Villa walisimama na kupiga makofi. Yule mtu wa kazi zisizoonekana, sasa uwanja mzima ulikuwa unamtazama.

Matibabu yalifanikiwa, lakini mwaka 2013 alitangaza kustaafu, akaanzisha taasisi ya kuwasaidia wagonjwa wa saratani ya damu. Mwaka 2016, akiwa na miaka 37, alirudi kufanya mazoezi na Villa kuelekea msimu mpya. Hakupewa mkataba. Mpira wake ukaishia hapo.

Chuoni tunajitambulisha kwa kozi: mimi ni wa sheria, mimi wa uhandisi. Ukidisko, au ukimaliza na ajira isipatikane, unabaki hujui wewe ni nani. Petrov naye alijulikana kwa kitu kimoja tu, na alinyang'anywa. Mara mbili za mwanzo alikirudisha. Mara ya tatu mpira haukurudi, na bado alipata kazi ya kufanya kwa ajili ya wagonjwa wenzake. Kuanza upya, kumbe, si lazima kukurudishe pale ulipokuwa. Na kama njia inapitia kwenye gari la baga, panda tu.