Je, Wajua? Amplifaya Dhaifu Huunguza Spika

Wengi huogopa amplifaya yenye nguvu nyingi, kumbe hata iliyo dhaifu huua spika. Ikisukumwa kupita uwezo wake, mawimbi ya sauti hukatwa vichwa, na nishati inayozidi huunguza twita, ile spika ndogo ya sauti nyembamba. Basi, ili ujue nguvu unayohitaji, soma kwanza unyeti wa spika, yaani ukubwa wa sauti inayotoa kwa nguvu ile ile: kila desibeli 3 zinazopungua hudai wati maradufu. Spika ya desibeli 84 huhitaji wati 400 pale ya desibeli 90 inapotosheka na 100. Tazama na omu, kipimo cha ukinzani wa spika kwa umeme. Spika iliyoandikwa omu 8 huweza kushuka hadi 4 au chini yake, na kuielemea amplifaya. Tena, wati za resiva, yaani amplifaya ya chaneli nyingi, zilizopimwa kwa chaneli 2 kwa kawaida hupungua chaneli zote 7 zinapolia pamoja. Uliza kipimo cha chaneli zote kabla ya kulipa.