Nuru Si Mwangaza: Taa Kongwe na Taa Mpya Juu ya Matumbawe

Wahenga walinena kwamba kipya kinyemi ingawa kidonda. Wahenga hao hao walituonya tusiache mbachao kwa msala upitao. Methali hizi mbili zinawahusu mno wanaofuga matumbawe katika matangi ya kioo, maadam kila uchao huletewa madukani taa mpya za LED na kuambiwa kwamba zile walizo nazo zimepitwa na wakati. Je, mfugaji azitupe taa kongwe, au azitundike pamoja na mpya? Rai yangu ni kwamba azitundike pamoja, ila kwa sharti moja: asiliamini jicho lake.

Inafaa ikumbukwe kwamba tumbawe ni mnyama. Si mmea wala si jiwe. Ndani ya tishu zake huishi mwani mdogo usioonekana kwa macho matupu. Mwani huo hujitengenezea chakula kwa njia ya usanisinuru, na sehemu kubwa ya chakula hicho humwendea mwenyeji wake. Kwa hiyo afugaye matumbawe hufuga mnyama pamoja na shamba lake, na taa ndiyo jua la shamba hilo.

Hata hivyo, jua la baharini si sawa na jua la nchi kavu. Maji hunyonya nuru nyekundu mapema, na kadiri mtu anavyozama ndivyo buluu inavyotawala. Ndiyo sababu taa za matangi haya aghalabu huwa na buluu nyingi. Tunazo taa hizo kutokana na juhudi za Isamu Akasaki, Hiroshi Amano na Shuji Nakamura, waliovumbua LED ya buluu yenye nguvu, kazi iliyowapatia Tuzo ya Nobel ya fizikia mwaka 2014. Hata LED nyeupe kwa kawaida ni chembe ya buluu iliyopakwa unga wa manjano.

Hapa ndipo suala la lugha linapoingia. Katika mazungumzo ya kila siku, nuru, mwanga na mwangaza hutumiwa kana kwamba ni kitu kimoja. Lakini jicho la binadamu, wakati wa mchana, huhisi zaidi kijani, karibu na nanomita 555, na huihisi kwa unyonge buluu ya nanomita 450. Usanisinuru nao hutumia nuru iliyo kati ya nanomita 400 na 700, na mwani wa matumbawe huifaidi sana buluu. Hivyo, taa inaweza kuonekana hafifu machoni petu ilhali inamlisha tumbawe hadi kumvimbisha.

Napendekeza basi kwamba walimu wa sayansi wayatenge maneno haya. Mwangaza uwe kile kinachopimwa kwa kulifuata jicho la binadamu, ambacho kizio chake ni luksi. Nuru iwe kile kinachoulisha mwani, nacho hupimwa kwa idadi ya fotoni. Neno usanisinuru limekwisha kututangulia njiani. Wati zinazotangazwa kwa herufi kubwa kwenye maboksi si nuru wala si mwangaza; huonyesha tu umeme unaoliwa.

Mkanganyiko huu si wa maneno matupu. Kwa kawaida LED haizimiki ghafla kama balbu ya zamani, hufifia polepole. Watengenezaji wengi huhesabu umri wake hadi pale inapobakiwa na asilimia 70 ya mwangaza wa awali. Taa iliyokadiriwa saa 50,000, ikiwashwa saa 10 kila siku, huchukua zaidi ya miaka 13 kufika hapo. Taa ya miaka sita, basi, si mzoga. Ila vumbi, chumvi iliyoganda na joto vinaweza kuichakaza mapema, na matumbawe huuzoea upungufu huo kidogo kidogo pasipo mtu kung'amua.

Siku mfugaji anapoongeza taa mpya na kuiwasha kwa nguvu zake zote, wanyama waliozoea kivuli hupigwa na jua la utosi. Mwani uliozidiwa na nuru hutoa kemikali zenye kudhuru, tumbawe huutema, na kubaki jeupe. Upaukaji wa namna hii, ukisababishwa na joto la bahari, ndio ulioangamiza matumbawe mengi katika pwani yetu mwaka 1998. Chanzo ni tofauti, lakini kinachovunjika ni ushirika ule ule.

Ni ipi njia bora? Kwanza, taa kongwe isafishwe, kisha nuru yake ipimwe penye matumbawe, sehemu mbalimbali za tangi. Pili, taa mpya iwashwe kwa kiwango cha chini, na ile kongwe ipunguzwe, ili jumla isizidi ile ya awali. Tatu, jumla hiyo ipandishwe hatua kwa hatua kwa majuma kadhaa. Wafugaji wengi hulenga maikromoli 50 hadi 150 za fotoni kwa mita mraba kwa sekunde kwa matumbawe laini, na 200 hadi 350 kwa yale magumu yenye matawi. Kipimo cha luksi hakifai hapa, kwani huipunja buluu. Kipimo cha fotoni ni ghali. Yafaa kinunuliwe kwa shirika.

Faida ya ushirikiano huu ni dhahiri. Taa moja huacha kivuli chini ya matawi. Taa mbili zilizotundikwa pande tofauti hukipunguza. Aidha, taa kongwe zenye buluu na nyeupe tu hukamilishwa na mpya zenye urujuani.

Almuradi, swali la ukongwe na upya halikuwa swali sahihi tangu mwanzo. Swali ni kiasi gani cha nuru kinamfikia kiumbe asiyeweza kuhama wala kulalamika. Mwanafunzi aliyefunzwa kutenganisha nuru na mwangaza atalijibu kwa kipimo. Asiyefunzwa atalijibu kwa jicho, na tumbawe ndilo litakalolipa gharama.